Nani Alimwambia Adinani

Siku sauti ya Adinani ilipokatika, watu wa Nambambo walidhani umeme ndio uliokatika. Ilikuwa alasiri, wengine wakirudi mashambani na wengine wakiwa wameshachukua udhu, wakamsikia mwadhini wao akianza kama kawaida. Allahu Akbar ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, kisha spika zikanyamaza. Waliokuwa mbali wakaendelea na shughuli zao. Yunusi, mwenzake wa msikitini, ambaye alikuwa bombani ananawa miguu, alisikia feni ya msikitini bado inazunguka, akajua umeme upo. Akaingia ndani na kumkuta Adinani amesimama na maiki mkononi, mdomo wazi, jasho linamtiririka shingoni.

"Vipi, kaka?"

Adinani akatikisa kichwa. Yunusi akachukua maiki, akamalizia adhana, na swala ikaswaliwa.

Watu walipotawanyika, Adinani aliifungua amplifaya. Yeye ndiye fundi redio wa pale, na redio nyingi za Nambambo zilikuwa zimepita mikononi mwake. Akakagua fyuzi, akafuata waya mmoja baada ya mwingine, akaifungua maiki na kuipuliza vumbi. Akapanda hadi kwenye spika zenyewe. Kila kitu kilikuwa kizima. Akafunga, akawasha, akagonga maiki kwa kidole, na mlio ukarudi kutoka nje, safi kabisa. Hapo ndipo alipoanza kushangaa, kwa sababu kama mashine haina kosa, basi kosa liko kwa aliyeishika.

Kesho yake ikawa vilevile. Akasema ni mafua. Akanywa tangawizi na asali, shangazi yake akamletea kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, akisema jini limemkaba koo, naye akanywa bila kubisha. Kwenye kibanda chake aliongea na wateja vizuri, alicheka, alibishana juu ya mpira. Lakini akishika maiki ya msikiti tu, koo linajifunga kama mlango uliosukumwa na upepo. Mwisho Yunusi akawa anaadhini kila swala, na Adinani akawa anakaa safu ya nyuma, akiangalia miguu yake.

Akaenda hospitali Nachingwea mjini. Daktari aliyemwona aliitwa Obadia, kijana mwenye sauti ya chini na tabia ya kusubiri mtu amalize. Alimulika koo, akaligusa kwa nje, akamtaka aseme herufi hii na ile.

"Koo lako ni zima," alisema. "Sasa hivi unaongea na mimi, sauti ipo. Ukifika msikitini inakwenda wapi?"

"Ndicho ninachotaka kujua, daktari."

"Hata mimi nataka kujua. Ila mimi ninachojua ni kuangalia koo. Kuna watu wanaojua kuangalia mengine." Akamweleza kwamba kuna huduma ya washauri wa afya ya akili, inatolewa bure kwa meseji za mtandaoni, kwa kuwa mshauri wa kukaa naye ana kwa ana hayupo karibu.

Adinani akajisogeza nyuma kwenye kiti. "Mimi si mgonjwa wa akili."

"Sijakuambia hivyo. Wewe ndiye umeniambia kwamba sauti inapotea mahali pamoja tu, na koo ni lile lile. Hutaki kujua kwa nini?"

Kama daktari angembembeleza, Adinani angeondoka. Lakini kumwuliza fundi kama hataki kujua kwa nini ni kumshika pabaya. Akaichukua namba ya huduma hiyo, akajiandikisha. Na moyoni alifurahi kwamba ni mambo ya kuandika, maana kukaa mbele ya mtu na kusema ameshindwa kuadhini kungemtia haya.

Meseji ya kwanza ilimkuta kibandani, mbele yake redio mbili zimefunguliwa matumbo.

"Habari za mchana, Adinani. Naitwa Catherine, ni mshauri. Utakayoniandikia yatabaki kati yetu, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini. Andika wakati wowote. Mimi hujibu asubuhi na alasiri. Ungependa tuanzie wapi?"

Akaanzia kwenye amplifaya. Aliandika meseji ndefu juu ya fyuzi, waya, maiki na namna alivyokagua, akaituma akijisemea kwamba mtu huyo atachoka mapema. Alasiri jibu likaja: "Nimekuelewa kwamba mashine umeikagua yote. Nina swali. Spika zimeelekea wapi? Ukiongea, sauti yako unaisikia inarudi?"

Adinani akasoma mara mbili. Hakuna aliyewahi kumwuliza spika zimeelekea wapi. Akajibu kwamba moja inaelekea barabarani na nyingine mashambani, na ndiyo, sauti inarudi, tena inachelewa kidogo, kama mtu mwingine anayemfuatiliza.

Siku zilizofuata akajikuta anaisubiri simu iite. Hakuwa na uhakika anaongea na nani. Redioni alikuwa amesikia juu ya mashine zinazojibu meseji kama binadamu, na maswali ya Catherine yalikuja yamenyooka mno, hayana hata kosa la herufi. Akaamua kuuliza waziwazi.

"Samahani, dada. Wewe ni mtu au ni mashine?"

"Ni mtu. Niko Morogoro, na sasa hivi mvua inanyesha kwenye bati, siwasikii hata wenzangu."

"Mashine nayo inaweza kuandika hivyo."

"Kweli, inaweza," akajibu. "Sina cha kukuonyesha kwa meseji kitakachokutoa wasiwasi wote. Uendelee kuniangalia tu, na ukiona jambo usilolielewa, uniulize."

Jibu hilo likampendeza kuliko kama angeapa.

Catherine akamwomba ajaribu mambo, kama fundi anavyotenga sehemu moja moja. Aadhini chumbani kwake, aone. Akaadhini, sauti ikatoka. Aadhini msikitini bila maiki, wakati hakuna mtu. Ikatoka pia. Awashe maiki, asome aya fupi. Hapo koo likajifunga. Adinani akatoka nje, akakaa kivulini na kumwandikia papo hapo.

"Si msikiti. Si maneno. Ni pale sauti inaporudi kutoka nje. Kabla hata sijamaliza neno nasikia yule mwingine anasema, na mimi nakatika."

"Yule mwingine," Catherine akaandika, "mara ya mwisho ulipomsikia vizuri, alikuwa anasema nini?"

Adinani akaanza kuandika. Akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwadhini wa Nambambo hana kazi ya adhana peke yake. Mtu akifariki, yeye ndiye anayeshika maiki kutangaza: jina la marehemu, ni wa nani, atazikwa wapi na wakati gani. Alishatangaza wazee, watoto wachanga, hata mgeni aliyepatwa na ajali njiani.

"Naona unaandika na kufuta," meseji ikaja. "Si lazima utume."

Akatuma maneno machache: "Alikuwa anatangaza kifo cha mke wangu, Biasha. Masika yaliyopita."

Jibu lilikuja baada ya kitambo kifupi. Lilikuwa na upole, lilimpa pole, lakini katikati yake kulikuwa na maneno haya: "Pole sana kwa kuondokewa na Aisha."

Adinani akaliangalia jina lile. Akaigeuza simu kifudifudi juu ya benchi, akachukua chuma cha kulehemu, akarudi kwenye redio ya mteja. Siku hiyo hakujibu. Kesho hakujibu, wala keshokutwa. Alijiambia kwamba sasa amepata jibu la swali lake: ni mashine, inachanganya majina ya wafu kama mtu anayechanganya vifuniko vya sufuria. Hata hivyo simu ilipolia alikuwa akiitazama.

Wiki ikapita, ndipo ikaja meseji.

"Adinani, nimerudi kusoma tuliyoandikiana tangu mwanzo. Nilimwita mkeo Aisha. Jina lake ni Biasha. Sikusoma kwa makini, na kosa ni langu, si la simu. Ukitaka kuniambia limekuuma vipi, nitasoma. Ukitaka kunyamaza, nitakuelewa pia."

Akaisoma amesimama. Alimwona mwanamke asiyemjua, chini ya bati huko Morogoro, akipandisha meseji za zamani kwa kidole na kuona haya. Akakaa chini.

"Limeniuma," akaandika. "Kwa sababu mimi ndiye niliyelitaja jina lake mbele ya watu wote, na sikukosea hata herufi moja."

Baada ya hapo yakatoka yote, si siku moja, ila kidogo kidogo, kati ya mteja na mteja. Biasha aliumwa siku chache tu. Hospitalini Adinani alisimama nje ya mlango wa wodi, muuguzi akatoka, akamshika bega na kumwambia, "Jikaze, baba." Basi. Akajikaza. Aliporudi Nambambo watu walikuwa wamekwisha kujaa uani. Imamu, Shehe Masoudi, akamwuliza kama Yunusi atangaze badala yake. Adinani akasema hapana, ni kazi yangu. Akaingia msikitini, akawasha maiki, akatangaza kifo cha Biasha binti Kaimu, mke wa Adinani fundi redio, bila kutetemeka. Watu walimsifu. Mpaka leo walikuwa wanamsifu, wakisema yule ni mwanamume aliyekamilika katika subira. Hata mazishi alisimamia yeye, viti, maji, wapishi. Miezi ikapita akiadhini vizuri tu, hadi alasiri ile.

Catherine hakumsifu. Aliandika: "Watu wote wa mtaa walisikia kutoka kwako. Wewe ulisikia kutoka kwa nani?"

Adinani aliona ni swali la kitoto. Nani wa kumwambia, naye alikuwepo? Lakini alipoanza kujibu, jibu hakulipata. Muuguzi alisema jikaze. Imamu alisema nani atangaze. Uani walisema pole, pole, pole. Alirudi nyuma saa baada ya saa, kama anayefuata waya ukutani, akitafuta mtu aliyemwangalia na kumwambia kwamba Biasha amekufa. Hakumpata. Aliyemsikia akisema hivyo kwa mara ya kwanza ni spika.

Likamjia swali jingine, na hili hakupewa na Catherine. Mama yake Biasha, kule Mbekenyera, yeye aliambiwa na nani? Alijaribu kukumbuka na hakukumbuka. Tangu arobaini hakuwa amekanyaga kwa mkwe wake. Alikuwa akituma salamu.

Asubuhi ya Jumamosi akafunga kibanda, akapanda haisi hadi Ruangwa mjini, na kutoka pale akachukua bodaboda. Mikorosho ilikuwa imechanua, na njia nzima ilinuka salfa waliyokuwa wakipuliza wakulima. Alimkuta mama mkwe wake, Bi Mwanawetu, anapepeta ufuta uani. Mama yule alipomwona akajifunika kanga vizuri, akageuka upande, kama mwanamke anavyomstahi mkwe wake. Wakasalimiana bila kutazamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja."

"Nimekuja, mama. Nimekuja na swali, na naomba usilione la kipuuzi."

"Uliza."

"Siku Biasha alipofariki, nani alikuambia?"

Ungo ukasimama. Bi Mwanawetu akageuka na kumtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ndoa ile ifungwe.

"Wewe," alisema.

"Mimi?"

"Ulinipigia simu. Kiswahili changu kidogo, baba, sisi huku ni Kimwera, lakini siku ile nilikusikia neno kwa neno. Ulisema, tunatangaza kifo cha Biasha binti Kaimu, mke wa Adinani. Kama mtu wa kwenye redio. Nikasema, hii sauti ni ya mkwe wangu, mbona anasema mke wa Adinani? Nikakuuliza, na Adinani mwenyewe yuko wapi?"

"Nikasema nini?"

"Ulinyamaza. Halafu simu ikakatika."

Adinani hakukumbuka hata neno moja la hayo. Aliisikiliza habari yake mwenyewe kama anayehadithiwa juu ya mtu wa kijiji kingine, na huku akitamani kujua mtu huyo alifanya nini baadaye.

"Nimekaa na swali lile tangu masika," mama akaendelea. "Nilipokuja mazishini, nilikuona unapanga viti. Arobaini, viti. Nikasema labda wanaume wa Nachingwea ndivyo walivyo."

"Mama," Adinani akasema, "mimi hakuna aliyeniambia."

Alidhani hataeleweka. Bi Mwanawetu akauweka ungo chini, akajifuta mikono, akasogea mpaka akawa mbele yake kabisa. Akasema kwanza kwa Kimwera, lugha ambayo Adinani, mtoto wa Wamakua, alifundishwa na Biasha kwa kuchekwa. Kisha akarudia kwa Kiswahili, taratibu, ili kisibaki kitu kisichoeleweka.

"Adinani. Biasha amekufa. Mwanangu amekufa. Mke wako amekufa."

Alilia mpaka akakaa chini kwenye makapi ya ufuta. Mama naye akalia, amesimama, mkono wake juu ya kichwa cha mkwe wake. Majirani walisikia wakaja mbio, wengine wakifunga kanga njiani, wakiuliza nani tena. Bi Mwanawetu akawajibu, "Ni msiba ule ule." Wakaelewa au hawakuelewa, lakini wakaketi nao mpaka adhuhuri ikapita, na mmoja akasonga ugali.

Kutoka Ruangwa mjini, akisubiri gari, Adinani alimwandikia Catherine kila kitu. Alasiri jibu likaja.

"Nimesoma. Nimerudia kusoma. Swali la mama, Adinani alikuwa wapi, unaweza kulijibu sasa?"

Hakufuta safari hii. "Nilikuwa bado pale mlangoni pa wodi. Nasubiri mtu atoke aniambie."

"Na leo?"

"Leo niko stendi ya Ruangwa, nina njaa tena."

Hakuponywa kwa siku moja, wala Catherine hakuwahi kumwahidi hivyo. Alimfundisha kutoa pumzi polepole zaidi kuliko alivyoivuta, na kuzihisi nyayo zake sakafuni. Alimshauri pia aombe kazi ya kutangaza vifo aifanye mwingine kwa muda. Shehe Masoudi alikubali kabla Adinani hajamaliza kueleza, akasema kwamba siku ile hakupaswa kumwachia. Yunusi akaichukua kazi hiyo. Adinani alirudi kwenye maiki adhuhuri moja, Yunusi amesimama karibu. Allahu Akbar ikatoka, ikazunguka, ikarudi kutoka mashambani, na koo likaanza kujikaza. Akasimama. Akatoa pumzi. Akaendelea. Mzee mmoja alilalamika kwamba adhana ya siku hiyo ilikuwa na mashimo, naye Adinani akamwambia ni kweli, na huenda kesho pia ikawa nayo. Siku nyingine ikatoka nzima, siku nyingine ikamshinda nusu. Akawa anamwandikia Catherine ile iliyomshinda ilikuwaje, si kwa kulalamika, ila kama mtu anayetaka kulijua jambo.

Meseji zao zikaanza kupishana kwa mbali, mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi. Catherine akamwambia kwamba hiyo ni dalili nzuri, na mlango uko wazi akihitaji. Adinani hakujua sura yake wala sauti yake, na alijishangaa kuona hilo halimsumbui tena.

Alichotaka kujua sasa kilikuwa kwingine. Korosho zilipoanza kudondoka alikwenda Mbekenyera kumsaidia Bi Mwanawetu kuokota. Walikuwa wamechuchumaa chini ya mti mmoja, kila mtu na ndoo yake, na heshima ya ukwe ikiwa imepungua kidogo, maana hawakuwa wakigeuziana migongo.

"Mama," akasema, "Biasha alikuwa hali mbaazi. Miaka yote ile nilimwuliza kwa nini, akawa anacheka tu."

Bi Mwanawetu naye akacheka, akajishika magoti.

"Hakukuambia? Aliona aibu. Alikuwa mdogo, kama hivi," akaonyesha kwa mkono. "Dada yangu alipika mbaazi za harusi, sufuria kubwa, tukamwacha mtoto alinde, mbuzi asisogee. Sasa sikia alichofanya."

Adinani akaiweka ndoo yake chini, akamgeukia kusikiliza.